Deni la Msitu: Je, Mtu Aweza Kumwomba Radhi Ambaye Hajazaliwa?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ijumaa hii ningependa tufikiri pamoja juu ya swali moja ambalo mzee wa jamaa yetu aliniuliza baada ya sala ya alasiri. Siku ile sikuweza kumjibu. Nilimwambia tu, “Mzee wangu, nipe muda.” Muda ule umekuwa mrefu, na ninaona haifai tena kunyamaza.

Mzee huyu alikata miti na kuchoma makala kwa miaka zaidi ya ishirini. Alianza katika msitu alioachiwa na baba yake, kisha akaendelea katika misitu ya ndugu zake kwa kuwalipa kidogo. Kwa makala yale alilipa minervali ya watoto, akanunua dawa za mke wake, akajenga nyumba. Leo kilima kile chote ni nyasi. Aliniuliza hivi: “Maalim, kazi ile nimeiacha, na nimetubu kwa Mola wangu. Lakini wewe mwenyewe watufundisha kwamba aliyekula haki ya mtu hana budi kumrudishia mwenyewe, au amwombe radhi. Haki ya msitu ule ni ya nani? Mimi nimrudishie nani?”

Ndugu zangu, msidhani swali hili ni la mzee huyu peke yake. Mabati ya madrasa yetu, yale ambayo watoto wenu wanasoma chini yake mvua ikinyesha, yalinunuliwa kwa mchango wa jamaa, na sehemu kubwa ya mchango ule ilitoka kwa wachoma makala. Mimi ndiye niliyeupokea nikaomba dua. Basi ninapoandika haya, ninaandika nikiwa mmoja wa wanaodaiwa.

Kwanza tujue ni nini kilichotokea. Wengi wetu hapa Maniema, tukisikia kwamba msitu wa Kongo unaisha, tunafikiri mara moja juu ya makampuni na magari makubwa ya magogo. Nao wana hesabu yao mbele ya Allah. Lakini watafiti waliochunguza picha za satelaiti za miaka ya 2000 hadi 2014 katika bonde lote la Kongo waliona kwamba zaidi ya asilimia 80 ya upotevu wa msitu ulitokana na mashamba madogo, yanayolimwa kwa panga, moto na jembe. Ni mashamba ya watu kama mimi na wewe.

Lakini je, babu zetu hawakukata? Walikata. Walilima muhogo, mpunga na karanga misimu miwili au mitatu, kisha wakaliacha shamba lilale miaka kumi na mitano, ishirini, au zaidi. Visiki vilichipuka. Ule mti wa parasolie, wenye majani kama mwavuli, ukaota upesi ukatia kivuli, na nyasi zikafa chini yake. Ndege wakaja kutua, popo wakaja usiku, nyani na hondohondo wakaleta mbegu matumboni mwao kutoka msitu wa jirani. Msitu ulijirudisha wenyewe, na mtu alikuwa na kazi moja tu ya kungoja.

Siku hizi hatungoji. Watu wamekuwa wengi, vita vilisogeza vijiji kandokando ya njia kubwa, na shamba hulazwa miaka mitatu au minne tu kisha likarudiwa. Mchoma makala huchimba hata kisiki. Moto hupita kila kiangazi ukaua vichipukizi. Nyama wa porini tumewala, basi hakuna wa kubeba mbegu. Mwisho zinabaki nyasi zile zinazopenda moto, ambazo mizizi yake hukaa chini salama, moto ukipita zikaota tena kabla ya kitu kingine. Ardhi ya namna hii unaweza kuiacha miaka mingi, na bado ukaikuta ni nyasi. Imefika mahali haiwezi kujiponya mpaka mtu aichukue kazi ya ndege na popo.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Haki hii ni ya nani?

Mtu atasema: “Kilima kilikuwa cha baba yangu, nimekata mali yangu.” Mwingine atajibu kwamba kwa sheria ya nchi yetu ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya serikali, basi deni ni la serikali. Mwingine atasema ni ya chefu na ukoo. Yote hayo yana nafasi yake mbele ya kadhi. Lakini yupo mwenye haki mwingine ambaye hakai barazani, kwa sababu bado hajazaliwa.

Msione jambo hili kuwa geni katika dini yetu. Waislamu walipoifungua nchi ya Iraki, askari walitaka zile ardhi nzuri za Sawad wagawiwe kama ngawira. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikataa. Baadhi ya masahaba wakubwa walimpinga, na mabishano yalikuwa makali. Hoja yake ilikuwa kwamba akiwagawia waliopo, watakaokuja baadaye hawatakuta kitu, na akashika dalili katika Suratul Hashr, mahali Allah anapowataja wale wanaokuja baada ya waliotangulia. Ardhi ikabaki bila kugawanywa, na mapato yake yakawa ya Waislamu wa wakati ule na wa baadaye. Tazama, ndugu msomaji: mtu ambaye hajazaliwa alihesabiwa kuwa na fungu, na fungu lake likalindwa dhidi ya watu waliokuwa hai, wenye silaha, na waliokuwa wamepigana.

Basi mzee wetu aliona sawa. Alikula fungu la mtu. Tatizo ni kwamba mtu huyo hawezi kuombwa radhi. Huwezi kumwendea na kuku na sahani ya wali ukamwambia, “Nisamehe.” Hana mlango wa kubisha. Linalowezekana ni kuirudisha mali yenyewe na kuiweka pale atakapoikuta.

Je, inawezekana msitu kurudishwa? Hapa naomba tusafiri kidogo, kwa maana wapo watu wamelijaribu jambo hili kwa njia ambayo hata maskini anaiweza. Ni nchini Brazili, katika bonde la mto Xingu, jimbo la Mato Grosso. Wenyeji wa asili wanaishi katikati ya bonde, ndani ya hifadhi iliyowekwa mwaka 1961, lakini chemchemi za mto ziko nje, katika mashamba makubwa ya ng'ombe na soya. Miti ya kando ya chemchemi ilikatwa, na maji yakaanza kuwafikia yakiwa na matope. Mwaka 2004 ilianzishwa kampeni ambayo jina lake katika lugha mojawapo ya wenyeji lina maana ya maji mazuri. Mwaka 2007 ukaundwa mtandao wa waokota mbegu za miti ya asili. Leo ni mamia ya watu, wengi wao wamama: wenyeji wa vijijini, wakulima wadogo, na watu wa miji midogo. Wanaokota mbegu za aina zaidi ya 200. Wamama wa kabila la Waikpeng wamejiita kwa jina la siafu mkata majani, kwa jinsi wanavyotembea msituni kwa mstari wakirudi na mizigo.

Njia yao wanaiita muvuca. Hawaoteshi miche katika vifuko mmoja mmoja, kazi ambayo ni ghali na inataka maji, udongo na gari la kubebea. Wanachanganya mbegu zote pamoja na mchanga: za miti ya haraka na ya polepole, kubwa na ndogo, na pamoja nazo mbaazi na aina ya maharage makubwa. Kisha wanapanda kwa mkono, au kwa mashine zilezile za kupandia soya. Mbaazi na maharage huota kwanza na kuzifunika nyasi. Yakiisha, miti ya haraka imekwisha shika nafasi. Chini ya kivuli chake inakua ile ya polepole, ambayo itasimama mamia ya miaka. Kwa njia hii wamerudisha miti katika maelfu ya hekta. Na jambo la haki ni hili: mbegu zinanunuliwa, na wanunuzi wengi ni wenye mashamba, ambao sheria ya nchi yao inawadai kurudisha miti kando ya mito. Anayedaiwa analipa, na aliyeutunza msitu anapata riziki.

Niliposoma habari hizi nilimwita mzee, na tukaanza katika kilima chake mwenyewe, baada ya kumjulisha chefu. Sitawaficha yaliyotokea. Mwaka wa kwanza tulifanya kazi ya wajinga. Watoto wa madrasa waliokota mbegu siku za Alhamisi, sisi tukazimwaga juu ya nyasi mvua za Septemba zilipoanza, tukaomba dua tukarudi nyumbani. Panya na siafu walikula, nyasi zikafunika zilizobaki. Karibu hakuna kilichoota. Nia ilikuwa njema, lakini nia njema haiiondolei mbegu haja ya udongo.

Tulikwenda kuuliza kwa agronomu na kwa wazee wanaoijua miti. Tukajifunza kwamba mbegu hazifanani, kama watu wasivyofanana. Iko mbegu yenye ganda gumu, inaweza kukaa miezi kwenye kibuyu na haitaamka mpaka uikwangue au uimwagie maji ya moto. Iko mbegu kama ya safu, ambayo ikikauka imekufa. Hiyo lazima ipandwe mara moja, tena iwe ya tunda ambalo halikupikwa. Tukajifunza kuparua nyasi mpaka udongo uonekane, kuifukia mbegu kina cha mara mbili ya unene wake, kupalilia miaka miwili ya mwanzo, na kulima ukanda mtupu kuzunguka kilima kabla ya kiangazi ili moto usipite.

Tukajifunza pia habari ya mvule. Mti huu ambao sote tunautaka kwa mbao zake, ukiupanda mwingi peke yake mahali pa wazi, kuna mdudu mdogo sana anayevimbisha majani na vichipukizi mpaka mche unakufa. Ukikua kati ya miti mingine, chini ya kivuli chepesi, una nafuu. Basi anayetaka mvule peke yake, aupate peke yake, anaweza kuukosa. Ni lazima akubali kukuza na miti ambayo haina bei sokoni. Naona hapo kuna funzo kwetu tunaopenda kuhesabu sadaka kwa faida yake.

Mwaka wa pili kipande kimoja kiliota. Kiangazi kilichofuata moto uliruka ukanda wetu ukala karibu nusu. Tukapanda tena. Leo sehemu iliyobaki ina miti inayonipita kimo, na chini yake nyasi zimepungua. Si msitu. Mtu akipita njiani haraka haoni kitu. Lakini asubuhi ndege wanatua pale, na wao wanaleta mbegu ambazo sisi hatukupanda.

Sasa nijibu maneno ambayo nimekwisha kuyasikia barazani.

La kwanza ni la mama mjane mmoja. Alisema: “Maalim, mimi nina kipande kimoja cha muhogo. Wataka nipande miti, watoto wangu wale majani?” Mama huyu amesema haki. Haijuzu kumwambia mwenye njaa afunge kwa ajili ya msitu. Fungu la ambaye hajazaliwa halilipwi kwa chakula cha yatima aliye hai. Kwake yeye wajibu ni kidogo: apande mbaazi kati ya muhogo wake, maana zinalisha watoto na udongo pia, na aache mti mmoja wa asili pembeni mwa shamba asiukate. Mzigo mkubwa ni wa sisi tulio na nyasi zisizolimwa, na tulionunua mabati. Na wanaotaka makala wapande miti ya makala. Kule Mampu, katika uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, kuna maelfu ya hekta za akasia zilizopandwa tangu miaka ya 1980 na 1990, na watu wanalima muhogo humo humo na kuchoma makala kwa zamu. Akasia ile imetoka Australia, na shamba lake haligeuki kuwa msitu wetu. Lakini kila gunia linalotoka pale ni gunia ambalo halikutoka msituni.

La pili ni la vijana wanaolima ardhi ya kukodi. Wanasema: “Tukipanda mti, mwenye ardhi atasema tunataka kumnyang'anya, atatufukuza.” Ni kweli, kwetu mti ni ushahidi wa umiliki, na magomvi mengi yameanzia hapo. Basi usipande katika ardhi ya mtu bila idhini yake, kwa maana huwezi kulipa deni kwa kumdhulumu mwingine. Mwendee mbele ya mashahidi, mwambie: mti ni wako, matunda ni yako, kivuli ni chako. Na nyinyi wenye ardhi na machefu mnaosoma karatasi hii, mtu akija na maneno hayo, msimzuie. Anakupeni mali.

La tatu ndilo zito zaidi: “Tutafaidi nini? Mti wa polepole tutakuwa tumekwisha kufa.” Ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu akipanda mti au akiotesha mmea, akila humo ndege, mtu au mnyama, anaandikiwa sadaka. Hakuweka sharti la mpandaji kuwa hai, wala la kumjua anayekula. Na katika hadithi iliyo kwa Imam Ahmad ametuamuru kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Nani atakula tunda la mche ule? Hakuna. Basi tumefundishwa kwamba thamani ya kupanda haimo katika tunda peke yake. Imo pia katika kutii na katika kutokufa tukiwa tumekunja mikono.

Lakini na tujihadhari na kosa la upande wa pili. Asitoke mtu akasema: “Nitakata leo, nitapanda kesho, Allah ni Mwingi wa kusamehe.” Mbegu nyingi hufa. Mti uliosimama miaka mia mbili haulipwi kwa konzi ya mbegu na mchanga. Yule asiyekata amefanya jema kubwa kuliko yule anayekata na kupanda, kama vile asiyevunja mguu wa mtu alivyo bora kuliko anayeuvunja kisha akanunua dawa. Kupanda ni kwa ajili ya mahali palipokwisha haribika. Haiwi ruhusa ya kuharibu pengine.

Basi mzee wetu nimjibu nini? Nimekwisha mwambia haya. Kusamehe ni kwa Allah, mimi sina cheti cha kumpa. Siwezi kumwambia kwamba deni limekwisha, kwa sababu halikwisha. Hata tukipanda kilima chote atakufa bado anadaiwa, na mimi pamoja naye. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mdaiwa aliyekimbia na mdaiwa aliyekufa akiwa anapeleka kila alichokipata. Wa kwanza amekana haki. Wa pili amekiri, na waliobaki nyuma wanajua ni wapi pa kuendelea kulipa. Yeye alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama safu za soko la Jumamosi zimekwisha kuiva.

Ndugu zangu, wababa na wamama, mvua ziko karibu. Tunaomba kila nyumba iweke mbegu za miti ya asili wanazozipata: zilizokauka katika karatasi, mbichi katika majani mabichi, na ziletwe msikitini mapema zisife. Kila aliyewahi kuuza makala, kila aliyeyanunua, na kila aliyesoma chini ya mabati yale, aje na jembe Alhamisi ya kwanza baada ya mvua kushika. Watoto waje na wazazi wao, kwa sababu wao ndio wenye deni hili walio karibu zaidi nasi, na ni vizuri waone tunavyoanza kulipa.

Tunamwomba Allah (s.w.), ambaye ndiye anayepasua mbegu na kokwa, atusamehe tuliyoyakata, atuoteshee tuliyoyafukia, na awape watakaokuja baada yetu kivuli, maji na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.